Karani wa Dukani na Vichwa vya Samaki vya Orpah

Mwaka umezunguka ukatimia, Karani wetu, tangu ulipolala kwenye sanduku lako la mbao humu dukani ukakataa kuamka. Sisi wa nyumbani kwa Momanyi, hapa Masara, tumeona haifai siku hii ipite kimya kama ya mtu asiye na kwao. Wapo watakaosoma karatasi hii wakacheka kwamba familia nzima imekaa chini kumwandikia paka kumbukumbu. Wacheke tu. Wewe ulizoea kutazamwa.

Liz ndiye aliyekuleta, umefichwa ndani ya sweta yake ya shule, wakati bado ana mapengo ya meno ya utoto. Leo Liz ni mtu mzima anayefanya kazi Homa Bay, na sweta ile ilishachakaa ikawa kitambaa cha kupangusia kaunta. Momanyi alikupa jina la Karani kwa sababu ulikaa kando ya mizani kutwa nzima ukimkazia macho kila mteja, kana kwamba kilo zake zilikuwa na kasoro. Wateja walikusalimia kabla ya kumsalimia mwenye duka.

Kazi yako uliifanya bila kusukumwa. Magunia ya mahindi na maharagwe yalikaa bila tundu hata moja, na omena, yaani dagaa wa ziwani, iliyopangwa chini haikuguswa na panya wala na wewe. Hilo la mwisho Bitutu hakuliamini kamwe. Kila alipotoka dukani kidogo, akirudi alikuinua na kukunusa mdomo kwanza, ndipo akuweke chini na kukukuna shingo.

Kwa wasiomjua, Bitutu ni mke wa Momanyi na mama yake Liz, na duka ni lake. Alikupenda sana, lakini Bitutu hupenda jicho moja likiwa wazi. Si kosa lake peke yake. Alihamia hapa kutoka Kisii akiwa mke mchanga, akakuta machimbo ya dhahabu, na Masara ni mahali ambapo mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, watatu wanasimama kutazama ameokota nini. Ukiishi hapa miaka, unajifunza kuuliza kila kitu kimetoka wapi na kinaelekea wapi.

Kisha uzee ukakukuta ukiwa kazini. Macho yaliingia ukungu, miguu ya nyuma ikawa mizito, na manyoya yako, ambayo ulikuwa ukiyalamba mpaka yanang'aa, ukayaacha yashikamane kama sufu mbovu. Viroboto wakajua. Panya nao wakajua, na mmoja alikatiza mbele yako mchana kweupe huku wewe ukimtazama kama mteja mwingine tu. Bitutu alimwambia aliyekuwa akinunua sukari kwamba uko likizo.

Wakati huo huo watu wawili walikuonea huruma. Mmoja alikuwa Orpah, mama kutoka kisiwa cha Mfangano, aliyekuwa ameweka meza yake ya samaki ng'ambo ya barabara, mkabala na duka letu. Alipoona huwindi tena, alianza kukuwekea vichwa vya samaki kila Ijumaa alasiri, siku ambayo mzigo wake ulifika kutoka ziwani. Wa pili alikuwa Bitutu mwenyewe. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalio: nyumba inafagiliwa, nguo zinapigwa pasi, viatu vinapakwa rangi, chakula cha kesho kinapikwa, na Momanyi anawanyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe ili Sabato isimkute na kazi. Na wewe pia ulipanguswa. Bitutu alisema hawezi kuingia Sabato na paka anayerukwa na viroboto kama chungu cha bisi.

Mara ya kwanza ulianguka jua likizama, tumekaa kufungua Sabato, wimbo uko kwenye ubeti wa pili. Uliporomoka kutoka kwenye kigoda. Taya zilikuwa zikigongana, povu likatoka, miguu yote minne ikapiga hewa kama unakimbia ukiwa umelala, na mkojo ukaenda moja kwa moja kwenye viatu vya Momanyi vilivyopakwa rangi asubuhi. Bitutu alikimbilia kijiko akakutia mdomoni, kwa kuwa ndivyo alivyosikia hufanywa, na ukamng'ata kidole mpaka damu. Baadaye uliinuka, ukagonga ukuta, ukalia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, kisha ukaenda kwenye sahani yako kudai chakula. Hakuna aliyemaliza wimbo.

Ijumaa iliyofuata ulianguka tena, na nyingine, saa ile ile ya kuimba. Boaz, mzee wa kanisa, alipopata habari alikuja nyumbani, akakutazama kwa mbali huku amekunja mikono, akasema kitu kisichovumilia sifa za Mungu kinajulikana ni nini. Alishauri utiwe kwenye gunia na kutupwa kwenye shimo moja la zamani ambalo wachimbaji wameliacha. Bitutu alimshukuru kwa kufika. Alipoondoka, akamuuliza Momanyi kwa nini Boaz, ambaye naye ana ghala la mahindi, anautaka sana mwisho wa paka wa watu.

Lakini maneno ya Boaz yalimwingia kwa njia nyingine. Alielewa kwamba usipopona, kuna siku atatoka dukani na kurudi asikuone, na mtu atamwambia imekuwa heri. Muda ulikuwa mfupi. Basi akaamua kumtafuta anayekufanyia hivi, maana kwa Bitutu jambo baya haliji bila mtu nyuma yake.

Alianza na Wesley, mpangaji wa chumba cha nyuma, anayechimba dhahabu. Jioni Wesley alikuwa akichoma dhahabu yake iliyochanganywa na zebaki juu ya jiko, kando ya ukuta wa duka, na moshi ukapita dirishani. Bitutu alimsimamia akiwa ameshika mwiko, akamtaka aseme anachoma nini na kwa nini upande ule. Wesley ni kijana mpole; alihamishia jiko lake mbali kabisa, kule machimboni, na sote tukapumua vizuri zaidi tangu siku hiyo. Ijumaa ikafika, nawe ukaanguka.

Hapo macho ya Bitutu yakavuka barabara. Vichwa vya samaki vilikuja Ijumaa. Kuanguka kulikuja Ijumaa. Orpah alihamia hapa miezi ile ile ulipoanza kuugua, na hakuna aliyemwomba akulishe. Kwa nini mtu mwenye watoto wanne wa kulisha atoe chakula bure kwa paka wa mwingine? Bitutu alijiuliza swali hilo akipima sukari, akalala nalo, akaamka nalo.

Akaanza kumchungulia kutoka nyuma ya magunia. Orpah hakuwa mjinga; alijua anatazamwa. Ijumaa moja alichukua kichwa cha samaki, akakimega katikati, akala kipande kimoja pale pale akiwa ameelekea dukani, kisha akakupa wewe kilichobaki. Mtu mwingine angeridhika. Bitutu aliingia ndani akamwambia mumewe, "Umeona? Anajua upande upi wa kula." Momanyi aliendelea kusokota kamba ya ng'ombe, akasema yeye ameona mtu anakula samaki.

Mwishowe Bitutu alimwambia mteja mmoja, Bathsheba, neno moja tu: kama ananunua samaki ng'ambo, anuse kwanza. Hakusema zaidi. Hapa Masara neno la namna hiyo halihitaji kuongezewa. Soko lililofuata kina mama walikuwa wakiinua samaki wa Orpah mpaka puani, wanarudisha, wanaondoka. Soko la baada ya hapo hawakuinua. Orpah alirudi nyumbani na beseni limejaa, akawapasua samaki na kuwaanika, mpaka ua wake wote ukanuka samaki ambao hawakupata mnunuzi.

Akaja dukani. Wewe ulikuwa juu ya kaunta, uliyasikia yote.

"Mama Liz," alisema, "kuna kitu umesikia juu yangu?"

"Mimi sisikii kitu, nyar Mfangano, binti wa watu. Mimi naona tu."

Orpah alisimama kidogo akikutazama wewe badala ya kumtazama yeye, akalipia chumvi, akaondoka. Hata hivyo Ijumaa vichwa viliendelea kuja. Bitutu alivikataa, akafunga mlango wa mbele. Wewe ukatokea wa nyuma, ukazunguka nyumba kwa miguu ile ile mizito, ukavuka barabara na kwenda kula. Hukuwa na kesi na mtu.

Liz alipopigiwa simu alisema maneno ya pepo na sumu yaachwe, aletewe paka Homa Bay, kuna daktari wa mifugo anayemfahamu. Bitutu alikubali upesi, lakini kwa sababu zake. Alikuweka kwenye kikapu chenye mfuniko, na kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia akaweka kichwa cha samaki alichokinyakua mbele ya pua yako Ijumaa iliyopita. Kilikuwa kimekaa siku kadhaa kwenye joto. Watu wa njiani wote walijua kuna kitu ndani ya mkebe ule.

Daktari Mirumbe ni mtu wa Kuria, mrefu, asiyependa maneno mengi. Bitutu aliuweka mkebe mezani kabla hajakutoa wewe kikapuni. Alitaka samaki apimwe, naye apewe karatasi yenye muhuri, aende nayo kwa chifu. Daktari alisogeza mkebe dirishani bila kuufungua. Alikuinua, akasikiliza moyo wako, akamulika macho yako, akapapasa figo. Kisha akafunua manyoya ya shingoni, akakunusa, akajinusa vidole.

"Mama, huyu paka mnamuogesha na nini?"

"Ni ile dawa ya kupe ya ng'ombe. Lakini naweka maji mingi, daktari. Ni kitambaa tu nampangusa nayo, viroboto itoke."

"Siku gani?"

Liz ndiye aliyesema ni Ijumaa.

Daktari alieleza bila kumkaripia. Dawa ile ng'ombe huivumilia. Paka mwili wake haujui namna ya kuitoa, na isitoshe hujilamba. Hata kidogo humtetemesha, na mzee zaidi ya kijana. Alisema iachwe leo hii, uogeshwe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, tusubiri. Aliongeza kwamba figo zako zimechoka na huenda uzee nao una mambo yake, kwa hiyo tusishangae ukianguka siku moja bila dawa. Ikitokea hivyo, tuondoe vitu vigumu karibu nawe, tupunguze mwanga na kelele, tusikumwagie maji, tusikutie kitu mdomoni, tusikushike kwa nguvu. Tukae tu mpaka urudi. Bitutu alikitazama kidole chake chenye kovu.

Mkebe ulibaki pale dirishani. Njia nzima ya kurudi Masara Bitutu hakumuuliza aliyeketi jirani anatoka wapi.

Alikuogesha mwenyewe jioni hiyo, kwenye beseni la kuogea mtoto, polepole, akikuomba radhi kwa Kikisii, akidhani yuko peke yake. Ijumaa ikafika, tukaimba nyimbo zote mpaka mwisho, nawe ukalala kwenye kigoda ukikoroma. Ijumaa nyingine, vivyo hivyo. Furaha ilirudi nyumbani. Bitutu alimweleza mumewe kwamba ilikuwa dawa tu, basi, yamekwisha.

"Na Orpah umemwambia?" Momanyi aliuliza.

Alisema atamwambia. Kesho yake alimpungia mkono kutoka mlangoni na kumsalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Orpah aliitikia kama mtu anavyomwitikia mpita njia. Bitutu akaona hiyo ni hatua. Neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa bado linatembea sokoni, meza ya Orpah bado ilikuwa haina watu, lakini yeye alijipa moyo kwamba litachoka lenyewe. Na usiku, akiwa macho, alijikumbusha kwamba daktari hakuupima ule mkebe.

Halafu ikaja siku ya soko uliyoanguka mbele ya watu. Ulikuwa umevuka barabara kama desturi yako, na ulikuwa chini ya meza ya Orpah, kichwa cha samaki kikiwa bado hakijaisha, ndipo mwili wako ukakakamaa. Haikuwa Ijumaa. Dawa ya ng'ombe haikuwa imekugusa majuma mengi. Bathsheba alikuwa pale, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie kwamba Mama Liz alisema tangu mwanzo. Watu wakajaa. Mwanamume mmoja alikuja na ndoo ya maji, mwingine alikuwa tayari ameshika ukingo wa beseni la samaki ili alimwage.

Orpah hakujitetea. Alisukuma makreti pembeni, akapiga magoti, akaitandaza leso yake juu yako kama kivuli bila kukugusa, akamwambia yule wa ndoo asimame hapo alipo. Mikono yake ilikuwa imekuzunguka kwa mbali, inangoja.

Bitutu alifika akikimbia, na watu wakamfungulia njia. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Neno lake moja tu, au hata kunyamaza kwake, na kabla ya jioni Orpah asingekuwa na meza Masara, na wale watoto wanne wangerudi kisiwani na mama asiye na jina zuri. Alilijua hilo vizuri. Alijua pia jambo lingine, ambalo alikuja kutuambia sisi baadaye: pale aliposimama, shaka yake iliinuka tena ikiwa na nguvu mpya. Dawa aliiacha. Samaki yuko mdomoni mwa paka. Huenda alikuwa sahihi siku zote. Ilikuwa rahisi mno kuamini.

Akaitazama mikono ya Orpah. Ilikuwa ikifanya kila alichofundishwa yeye Homa Bay, naye mwenyewe hakuwa amekifanya hata mara moja.

"Huyu paka nilimpaka sumu mimi," Bitutu alisema. "Kila Ijumaa, na mkono yangu, dawa ya ng'ombe. Daktari wa Homa Bay aliniambia. Samaki ya huyu mama haina kitu. Haijawahi kuwa na kitu."

Bathsheba akamuuliza, "Na leo? Leo pia umempaka?"

"Leo hakuna mtu amefanya kitu. Leo ni uzee."

Watu walikaa wakisubiri aendelee, na alipokosa la kuongeza, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Yule wa ndoo alimwaga maji yake mtaroni. Ulipotulia na kuanza kulia, Orpah aliinuka, akaikung'uta leso.

"Hiyo maneno ulikuwa nayo tangu lini, Mama Liz?"

"Tangu Homa Bay."

"Hiyo ni kitambo," alisema Orpah, akarudi kupanga samaki wake.

Tungependa kuandika kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Orpah alinyamaza naye kwa muda mrefu, na sisi tuliona ana haki. Lakini wewe hukuwapa nafasi ya kuachana. Daktari Mirumbe alipigiwa simu akasema sasa ni mwili wako wenyewe, akampa Liz vidonge vya kukupunguzia kifafa, nusu asubuhi na nusu jioni, visikatizwe. Tulivisaga kwenye maziwa, ukayaacha maziwa. Tukaviweka kwenye yai, kwenye nyama, kwenye ugali uliopakwa mafuta. Ulitafuna kwa adabu, ukaenda nyuma ya mizani, ukakitema kidonge kikiwa kizima. Chakula kimoja tu ndicho ulichokimeza bila kukikagua: nyama ya shavu la samaki wa Orpah.

Basi Bitutu akavuka barabara na bakuli. Tulimchungulia kutoka dukani, sote, hata Wesley. Alisimama mbele ya meza kama mtu anayeomba kazi. Orpah aliliangalia bakuli, akachagua kichwa kizuri, akakitia humo.

"Hii ni ya paka," alisema. "Haina maneno na wewe."

Ikawa hivyo kila siku. Bitutu alijaribu kulipa, Orpah akakataa pesa. Akapeleka sukari, ikarudishwa. Alichoruhusiwa kilikuwa kuvuka tu, kusimama, na kupokea. Kwa mtu kama Bitutu, kupokea kitu bila kukinusa ilikuwa adhabu ya kutosha, naye aliitumikia bila kunung'unika.

Nyumbani tulijifunza kuishi na ugonjwa wako. Momanyi alikutengenezea sanduku la mbao lenye kuta fupi, likatandikwa magunia, kwa kuwa kaunta ilikuwa juu mno kwa mtu wa kuanguka. Ulikataa kushushwa cheo; ilibidi mizani mbovu iwekwe karibu na sanduku, ndipo ukakubali. Miguu ya meza ilifungwa matambara. Kila ulipoanza kukodolea kona isiyo na kitu na kutafuna hewa, tulijua, na aliye karibu alizima redio na kuteremsha pazia. Wateja wetu nao walizoea. Walishusha sauti na kungoja chenji yao mpaka umalize.

Bitutu ndiye aliyeteseka zaidi, maana hakuna kitu kigumu kwake kama kukaa bila kufanya neno. Alikaa. Alikunja mikono mapajani, akakuita jina kwa upole mpaka macho yako yakamwona tena. Siku moja Orpah alikuwa dukani ulipoanza, akaketi upande wa pili wa sanduku, na walipokuwa wakingoja akamweleza kuhusu kaka yake mdogo kule Mfangano, aliyekuwa na ugonjwa huo huo ambao kwao huitwa ndulme. Watu walimkwepa kaka yake kama walivyoikwepa meza yake. Bitutu alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza swali hata moja, jambo ambalo Momanyi alisema hajawahi kuliona katika ndoa yao.

Tangu hapo Orpah alianza kukaa kidogo akileta kichwa cha samaki mwenyewe. Siku uliyompandia mapajani ukakojoa kwenye leso yake, ndiyo siku ya kwanza tuliyowasikia wakicheka pamoja.

Uliondoka mchana wa mvua. Hukuanguka siku hiyo. Ulikula, ukajizungusha kwenye gunia, ukajikunja, na Bitutu alipokuja kukugeuza alikuta umeshapoa. Tutasema ukweli juu ya alichokifanya. Aliinusa sahani. Aliinusa maji. Aliyapekua magunia ya sandukuni moja baada ya jingine. Akatoka mlangoni akasimama mvuani, akakiangalia chumba cha Wesley, akaliangalia ghala la Boaz, akaiangalia meza ng'ambo, ambako Orpah naye alikuwa amesimama akimtazama, maana alikuwa ameshaelewa. Bitutu alitafuta mtu wa kumshuku, hakumpata. Hapo ndipo alipoketi kwenye tope na kulia kwa sauti, na Orpah akavuka barabara, akaketi kwenye tope hilo hilo.

Tulikuzika nyuma ya zizi. Wesley alichimba shimo, na kwa mara ya kwanza hapa Masara hakuna aliyeuliza ameona nini chini.

Sasa tuseme kwa nini paka ameandikiwa kumbukumbu. Mwaka umepita, na bado wapo wanawake wanaomwinua samaki wa Orpah mpaka puani kabla ya kununua. Hawajui tena kwa nini, wamezoea tu. Bitutu huwaona kutoka kaunta, na kila mara uso wake hubadilika. Alilolisema siku ile ya soko lilisikiwa na waliokuwepo, lakini neno la kwanza lilikwenda mbali kuliko la pili. Ndiyo maana akamwomba Liz aandike haya yote na kuyapiga chapa, yabandikwe kwenye mlango wa duka, kwenye mashine ya kusaga, na kwenye mbao za matangazo za kanisa letu na la Orpah. Alitaka nakala moja ibandikwe pia kwenye nguzo ya meza ya samaki. Orpah alisomewa yote, akasema ni sawa, lakini kwake isibandikwe. Yeye anauza samaki. Karatasi ni ya aliyeleta maneno.

Basi imebandikwa kwetu.

Wanaokukumbuka leo ni Bitutu, ambaye bado husahau na kuteremsha pazia. Mumewe Momanyi, asiyenyunyiza tena dawa bila kuyatia mabaki shimoni. Binti yao Liz aliye Homa Bay. Na Wesley wa chumba cha nyuma. Pamoja nao ni Orpah wa Mfangano, dada yetu, ambaye samaki wake walikuwa safi tangu siku ya kwanza hadi hii karatasi inaposomwa.

Hatutakusahau, Karani, siku zote za maisha yetu.